Nyongeza ya Sokoni na Nyongeza ya Mchezo: Je, Tunapunjwa?

Kila anayenunua nyanya katika masoko ya Kampala anajua maana ya nyongeza. Ukishalipa fungu lako, muuzaji huchukua nyanya moja au mbili zaidi na kuzitia mfukoni. Hazina bei. Ni heshima kwa mteja na ni mwaliko wa kurudi kesho. Wasemaji wa Luganda nao wanalo neno la namna hiyo hiyo, jambo lisilowashangaza wanaojua undugu wa lugha za Kibantu. Muuzaji asiyetoa nyongeza huitwa mchoyo. Anayeiuza nyongeza yenyewe sijawahi kumwona sokoni.

Nilimwona mwaka 2020, kwenye kompyuta. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tano, alikuwa akikaa nyumbani kwangu. Mwezi Mei duka moja la mtandaoni lilitoa bure mchezo uitwao Civilization VI, naye akaupakua usiku kucha kwa bando langu. Wiki mbili baadaye alinijia sebuleni kwa adabu iliyozidi kawaida yake.

"Shikamoo, Mjomba. Naomba pesa ya nyongeza."

"Marahaba. Nyongeza gani tena, nawe mchezo umepewa bure?"

"Mchezo ndio wa bure, Mjomba. Nyongeza ndiyo inayouzwa."

Bei yake ilikuwa dola 39.99, yaani karibu shilingi 150,000 kwa kiwango cha wakati ule. Nilikataa papo hapo. Lakini sikuweza kumweleza kwa nini nimekataa, na mwalimu asiyeweza kueleza sababu ya jibu lake hana budi kurudi darasani. Makala hii ni matunda ya kurudi huko.

Kwa nini katika jarida hili?

Huenda msomaji akauliza: michezo ya kompyuta inahusiana vipi na idara ya Kiswahili? Ninayo majibu matatu.

Kwanza, wanafunzi wetu wanaicheza, na pesa wanazotumia ni zile zile zinazopaswa kununua vitabu na kulipia vivuli vya mihadhara. Pili, Kiswahili kimo ndani ya michezo hiyo. Civilization IV, iliyotoka mwezi Oktoba 2005, hufunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu", ambao muziki wake ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwezi Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza miongoni mwa tungo zilizoandikiwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Bila shaka wapo watu wengi ng'ambo ambao maneno ya kwanza ya Kiswahili waliyoyasikia ni hayo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni suala la tahakiki. Tunapohakiki riwaya hatuulizi bei yake, kwa kuwa riwaya huuzwa nzima. Hakuna mwandishi anayetuuzia sura kumi leo kisha akatudai pesa nyingine mwakani kwa sura ya kumi na moja. Hata hadithi za kufululiza magazetini humfikisha msomaji mwisho kwa bei ile ile ya gazeti. Katika michezo ya kompyuta, jinsi kazi inavyogawanywa kwa ajili ya kuuzwa ni sehemu ya muundo wa kazi yenyewe. Mhakiki asiyeugusa mgawanyo huo atakuwa amehakiki nusu ya kazi.

Maana tatu za neno moja

Neno nyongeza, kama wachezaji wanavyolitumia, limefunika vitu vitatu tofauti. Tukivitenganisha, swali la haki ya bei hujibika.

Cha kwanza ni nyongeza halisi: kazi mpya inayowekwa juu ya kazi iliyokwisha kukamilika. Cha pili ni pambo: kitu kinachobadilisha sura bila kubadilisha jambo. Cha tatu nitakiita kipande: sehemu iliyostahili kuwamo tangu awali, ikaachwa nje au ikakatwa, kisha ikauzwa peke yake. Kwa nyongeza halisi mnunuzi na muuzaji wote wananufaika. Pambo ni hiari ya mtu, kama mkufu. Kipande ni kupunjwa, hata kikiwa kizuri, maana mnunuzi anakilipia mara ya pili.

Shida ni kwamba vitu hivi vitatu huuzwa dukani kwa jina moja, na mara nyingi hutiwa ndani ya kifurushi kimoja. Kazi ya mhakiki ni kuvichambua, kama mama anavyochagua mchele.

Deraya ya farasi

Mfano maarufu wa pambo ni wa mwezi Aprili 2006. Kampuni ya Bethesda ilikuwa imetoa mchezo wa The Elder Scrolls IV: Oblivion mwezi mmoja tu kabla. Ikaanza kuuza deraya ya farasi: mabamba ya kumvika mnyama ambaye mchezaji humpanda. Kwenye mashine ya Xbox 360 bei yake ilikuwa dola 2.50. Aliyelipa hakupata hadithi mpya wala mahali papya pa kwenda. Alipata farasi mwenye mavazi.

Wachezaji walicheka na kukasirika, na hadi leo deraya hiyo hutajwa kila panapozungumziwa bei za michezo. Lakini tazama kilichofuata. Mwezi Machi 2007 kampuni hiyo hiyo iliuza Shivering Isles kwa dola 29.99, mara kumi na mbili ya bei ya deraya. Hii ilikuwa nchi nzima ya wazimu, yenye mtawala wake, watu wake, mimea yake na kisa chake chenye mwanzo na mwisho. Ilipokewa vizuri. Hapa tunajifunza kwamba wanunuzi hawakulalamikia ukubwa wa bei. Walilalamikia utupu wa kilichouzwa.

Kuna funzo la pili, nalo ni chungu zaidi. Deraya ilichekwa, lakini ilinunuliwa. Mchezo huo ulipotolewa upya mwezi Aprili 2025, toleo la bei ya juu, lililozidi la kawaida kwa dola 10, lilikuja na deraya mpya za farasi. Kilichokuwa kichekesho kimekuwa desturi. Mnunuzi anayelalamika huku akilipa humfundisha muuzaji jambo moja tu: kwamba malalamiko hayapunguzi mauzo.

Shaka amekwenda wapi?

Kipande ni kigumu zaidi kukitambua, kwa sababu hakiuzwi kwa jina lake. Tuufuate mfululizo wa Civilization, ambao humpa mchezaji taifa moja alilee tangu zama za kale hadi zama za roketi.

Mchezo wa kwanza, uliobuniwa na Sid Meier na kutolewa mwaka 1991, ulikuwa na Wazulu ndani yake. Wa pili, wa mwaka 1996, ulikuwa nao. Wa tatu, wa mwaka 2001, vilevile. Mchezaji alinunua sanduku moja, akalifungua, akamkuta Shaka. Katika Civilization IV ya mwaka 2005 Shaka hakuwamo. Aliletwa na nyongeza iitwayo Warlords mwezi Julai 2006. Katika mchezo wa tano, wa mwaka 2010, alisubiriwa hadi nyongeza ya Brave New World ya mwezi Julai 2013. Katika wa sita, wa mwaka 2016, alisubiriwa hadi Rise and Fall ya mwezi Februari 2018. Kila moja ya nyongeza hizo tatu ilitoka kwa bei ya takriban dola 30.

Je, huu ni ushahidi wa kupunjwa? Tusikimbilie hukumu. Kila mchezo katika mfululizo huu hujengwa upya tangu msingi, na hakuna aliyeahidi kwamba kila taifa litakuwamo siku ya kwanza. Civilization IV ilimwacha Shaka nje lakini ikamwingiza Mansa Musa wa Mali, ambaye hapo awali hakuwamo. Zaidi ya hayo, Warlords ilileta mataifa sita kwa jumla. Kwa hiyo kutokuwapo kwa Shaka peke yake hakuthibitishi neno. Kunatufundisha tu kwamba milango imehama: kuanzia mwaka 2006 Wazulu wameingia katika michezo hii kwa mlango wa kulipia.

Ushahidi wenye uzito ni mwingine. Civilization IV ilikuwa na dini ndani ya sanduku la kwanza: mchezaji aliweza kuanzisha dini, kuieneza na kufanya urafiki au uadui kwa sababu yake. Upelelezi nao ulikuwamo, ukakuzwa mwaka 2007 na nyongeza ya Beyond the Sword. Mchezo wa tano ulipotoka mwaka 2010 haukuwa na dini wala upelelezi. Vyote viwili vilikuja mwezi Juni 2012 katika nyongeza iitwayo Gods & Kings, kwa dola 29.99. Kweli, dini hiyo ilibuniwa upya na ilikuwa bora kuliko ya zamani. Lakini mchezaji aliyetoka mchezo wa nne alihisi kama mpangaji aliyehamia nyumba mpya, akakuta mlango wa jikoni umefungwa, akaambiwa ufunguo unauzwa mwaka wa pili.

Kinyang'anyiro kama bidhaa

Siwezi kuiacha Brave New World bila kusema jambo ambalo wahakiki wa ng'ambo wangeweza kulipita haraka. Katika kifurushi hicho cha mwaka 2013 kulikuwa na mchezo mdogo uitwao Scramble for Africa, yaani kinyang'anyiro cha kuligawana bara letu. Mataifa ya Ulaya hutafuta maajabu ya asili, hujenga reli na kuchimbua vitu vya kale vya Misri ili yapate alama. Ethiopia na Wazulu nao wanaweza kuchezwa, na hilo tulishukuru.

Lakini sehemu ya ndani ya bara hupangwa upya kila mchezo unapoanza. Pwani iko mahali pake. Ndani, kompyuta huchanganya milima na mito kama mtu anayechanganya karata, ili mvumbuzi apate raha ya kutojua kilicho mbele yake. Mtu wa Maziwa Makuu akiifungua ramani hiyo anatafuta nyumbani kwao na kukuta bahati nasibu. Naelewa sababu za kiufundi: mchezo wa uvumbuzi huisha utamu ramani ikishajulikana. Hata hivyo, hilo lilikuwa jicho la mgeni wa karne ya 19 lililouzwa kwetu kama burudani.

Ninalitaja hili kwa sababu linahusu thamani. Kifurushi hicho hicho kilileta njia za biashara, utalii wa kiutamaduni, Wazulu na Wamoroko. Wachezaji wengi huamini kwamba ndicho kilichoukamilisha mchezo wa tano, nami nakubali. Lakini thamani haigawanywi sawa kwa wanunuzi wote. Mnunuzi wa Chicago na mnunuzi wa Kampala walilipa dola zile zile, na mmoja wao akapewa bara lake likiwa limevurugwa. Mizani ya duka haipimi jambo kama hilo. Mhakiki ndiye wa kulipima.

Nyongeza iliyostahili jina

Sasa niigeukie ile ambayo mpwa wangu aliiomba. Gathering Storm ilitoka mwezi Februari 2019. Ilileta mataifa manane, Mali ikiwa mojawapo, na hicho ndicho kilichomvuta kijana. Lakini thamani yake haikuwa katika idadi ya mataifa. Iko katika kanuni. Mito hufurika, ikiharibu mashamba na kuyarutubisha kwa wakati mmoja. Volkano hulipuka. Makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa huongeza joto la dunia, na bahari hupanda na kumeza ardhi ya pwani iliyo chini. Mchezaji aliyezoea kukimbilia viwanda bila kufikiri hulazimika kufikiri. Mchezo wa mwanzo ulikuwa mzima bila haya. Ulichezwa miaka miwili na zaidi na watu wakaridhika. Nyongeza haikuziba pengo. Iliuliza swali jipya.

Mfano mwingine wa namna hii unatoka Poland. Kampuni ya CD Projekt ilipotoa The Witcher 3 mwaka 2015, iligawa bure vifurushi vidogo 16 vya mavazi, kazi na mapambo. Kisha ikauza nyongeza mbili: Hearts of Stone mwezi Oktoba 2015 kwa dola 9.99, na Blood and Wine mwezi Mei 2016 kwa dola 19.99. Hii ya pili ilikuwa na nchi yake mpya na kisa chake kamili, na mwaka huo huo ikashinda tuzo ya mchezo bora wa aina yake katika The Game Awards, ingawa ilikuwa nyongeza tu. Tazama mpangilio huo: pambo likatolewa bure, kama nyanya za sokoni, na kazi mpya ikauzwa. Muuzaji huyu alikuwa akijua maana ya nyongeza.

Kuna jambo la kumwonya mnunuzi hapa. Gathering Storm imebeba ndani yake kanuni kuu za Rise and Fall, nyongeza iliyoitangulia. Hivyo anayetaka namna ya kucheza tu hana haja ya kununua zote mbili. Rise and Fall huhitajika na anayetaka mataifa yake na majengo yake ya ajabu. Miongoni mwa majengo hayo, mwalimu mwenzangu, imo Kilwa Kisiwani, ambayo humpatia aliyeijenga wajumbe watatu wa kuwatuma kwenye miji-dola. Zanzibar imo tangu sanduku la kwanza, ikiwa mji-dola unaompa rafiki yake mdalasini na karafuu. Kwa hiyo mwaka 2005 Waswahili walikuwa wimbo, mwaka 2016 wakawa soko la viungo, na mwaka 2018 wakawa jengo la kulipiwa. Taifa lao lenyewe, lenye mtawala anayesema lugha yake, halikuwekwa katika mchezo wa nne, wa tano wala wa sita, si bure wala kwa bei.

Kosa la kuhesabu saa

Wachezaji wengi hupima nyongeza kwa saa: dola 10 kwa saa kumi ni halali, dola 10 kwa saa mbili ni wizi. Kipimo hiki kina faida yake. Ni rahisi, na humkinga mnunuzi dhidi ya deraya za farasi. Wengine huongeza kwamba tiketi ya sinema hugharimu zaidi kwa saa, kwa hiyo mchezo ni rahisi daima.

Sikubaliani nao. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja. Nani kati yetu angethubutu kusema kwamba thamani yake ni ndogo kuliko ya riwaya nene ya mapenzi kwa sababu kurasa zake ni chache? Kipimo cha saa kina ubaya mwingine pia: wabunifu wakijua kwamba wanapimwa kwa saa, hujaza saa. Humtuma mchezaji kukusanya manyoya mia au kuua panya wale wale mara hamsini. Saa zinaongezeka na kazi inapungua, kama maziwa yaliyotiwa maji. Mchezaji anayejivunia saa zake huwa hatambui kwamba baadhi yake ni maji.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuhesabu saa ni hili: kabla sijainunua nyongeza hii, mchezo niliokuwa nao ulikuwa mzima?

Buganda imo, Uingereza inauzwa

Swali hilo lilipata mtihani wake mwezi Februari 2025, ilipotoka Civilization VII. Kwa sisi tulio hapa ilikuwa siku ya furaha isiyo ya kawaida. Katika zama za sasa za mchezo huo kulikuwa na mataifa kumi siku ya kwanza, na moja lilikuwa Buganda. Si katika nyongeza. Katika sanduku la kwanza. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi iliyoungua mwezi Machi 2010 na kujengwa upya, ni mojawapo ya majengo ya ajabu ya mchezo huo. Miaka kumi na miwili baada ya kinyang'anyiro chenye ramani ya bahati nasibu, nyumba yetu ilikuwa mahali pake, na kwa jina lake.

Aliyekosekana alikuwa Mwingereza. Taifa lililotawala robo ya dunia halikuwamo katika zama za sasa za mchezo unaohusu dola za dunia. Lilikuja tarehe 4 Machi 2025, wiki tatu baada ya mchezo kutoka, ndani ya kifurushi cha kulipia kiitwacho Crossroads of the World, kilichouzwa dola 29.99 juu ya dola 69.99 za mchezo wenyewe.

Mpwa wangu, ambaye sasa yuko chuo kikuu na hutumia pesa zake mwenyewe, alinipigia simu. "Mjomba, umeona? Buganda imo bure, Uingereza ndiyo inayouzwa!" Tulicheka sana. Nikamwambia kwamba safari ya kwanza Waingereza walitujia bila kualikwa. Safari hii wanataka tuwalipie nauli.

Kicheko kikiisha, hukumu ibaki pale pale. Kama tulilaumu dini kukosekana mwaka 2010, hatuwezi kuifurahia Uingereza kukosekana mwaka 2025 kwa sababu tu kisasi ni kitamu. Nyongeza inayotoka wiki tatu baada ya mchezo ilikuwa tayari mezani wakati mchezo unafungwa sandukuni. Hicho ni kipande. Furaha yangu ya kuiona Buganda ni ya kweli, lakini haimlipii fidia mchezaji wa Manchester, kama ambavyo njia za biashara za mwaka 2013 hazikunilipia ramani yangu iliyochanganywa.

Bei yetu si bei yao

Yote niliyoyasema yangeweza kusemwa na mhakiki wa popote. Lakini sisi tunanunua tukiwa hapa, na hapa dola 30 si dola 30. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 3,600, kifurushi hicho ni shilingi 108,000. Kisha lazima kipakuliwe. Tangu mwezi Julai 2021, kodi ya matumizi ya kila siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, data ya intaneti hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Nyongeza yenye gigabaiti nyingi hulipiwa mara mbili: dukani, na kwenye kampuni ya simu. Hata kilichotolewa bure mwaka 2020 kilimaliza bando langu la mwezi.

La pili ni kwamba kitu hiki hakiazimishwi kama kitabu. Nakala moja ya riwaya katika maktaba ya idara yetu hupita mikono thelathini kwa muhula. Nyongeza ya mchezo imefungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua. Mwanafunzi hawezi kuiuza akimaliza, wala kumrithisha mdogo wake. Kwa hakika hata neno kununua lina walakini. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni ya kutumia tu. Wanafunzi wa semantiki wana kazi hapo: tuliite tendo hilo kununua, kukodi, au kuruhusiwa?

Kwa sababu hizo mbili, kipimo cha mnunuzi wa kwetu hakina budi kuwa kikali kuliko cha mnunuzi wa ng'ambo. Nyongeza inayomfaa yeye kwa bei kamili huenda ikatufaa sisi kwa nusu yake. Nasi tunayo silaha moja ambayo haigharimu kitu, nayo ni subira. Nyongeza hizi hushuka bei sana miaka ikipita, na mara nyingi huishia katika kifurushi kimoja pamoja na mchezo wenyewe. Mchezo wa peke yako hauchachi. Anayeusubiri miaka miwili huupata ukiwa mzima, umerekebishwa kasoro, na kwa bei ya kibinadamu.

Hitimisho

Je, nyongeza za kulipia zina thamani inayolingana na bei yake? Jibu langu ni kwamba nyongeza halisi inayo, na mara nyingi huzidi bei yake. Pambo halina, lakini halimdhuru asiyelitaka. Kipande hakina kamwe, kwa sababu thamani yake imeporwa kutoka katika kitu ulichokwisha kukilipia.

Mpwa wangu alipata Gathering Storm yake mwishoni mwa mwaka 2020, bei iliposhuka chini ya nusu. Nilimlipia kwa sharti moja: anieleze kwa Kiswahili, bila kuchanganya, kwa nini nyongeza hiyo ilistahili. Alizungumza dakika ishirini kuhusu mafuriko na makaa ya mawe. Alikwama mara mbili tu, akitafuta istilahi, na kwa kukwama huko ndipo tulipoanza kutenganisha nyongeza, pambo na kipande. Kwa hiyo nusu ya makala hii ni yake.

Nawaomba walimu wenzangu mjaribu zoezi hilo madarasani. Mwacheni mwanafunzi achague mchezo anaoujua, atenge nyongeza zake katika mafungu hayo matatu, kisha atetee hukumu yake mbele ya wenzake. Mtapata insha zenye hoja, na pengine mtapata maneno bora kuliko haya yangu. Yaleteni idarani tuyajadili. Mchango wenu utapokelewa bila malipo, kama nyanya za sokoni.